Mheshimiwa Mchakato Ametoka Kidogo

Kulikuwa na nchi moja nzuri sana, ambayo jina lake ningelitaja bila kinyongo, ila wakati mambo haya yanatokea jina hilo lilikuwa limepelekwa kwenye kamati ili litafutiwe lingine lenye mvuto zaidi, na kamati haijarudi mpaka leo. Wananchi wake walikuwa wapole. Viongozi wake walikuwa wengi, wenye afya na wenye huruma, na kila jioni redio ilisoma majina ya walioteuliwa na ya waliotenguliwa, watu wakasikiliza kama wanavyosikiliza matokeo ya mpira.

Katika nchi hiyo maji yaliisha. Hayakuisha hovyo, maana nchi ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza mabomba yalikohoa, kisha yakatoa maji yenye rangi ya chai, kisha yakatoa upepo mtupu. Serikali ikatoa tamko kwamba upepo ule ni dalili njema, kwani palipo na upepo mvua haiko mbali. Visima vikakauka, ng'ombe wakalala na hawakuamka, shule zikafungwa kwa sababu ya vyoo. Na isisemwe kwamba Serikali ilikaa kimya. Kila aliyeuliza alijibiwa siku hiyo hiyo, tena jibu lilikuwa moja nchi nzima, kuanzia ikulu hadi kwenye kibanda cha mlinzi wa daraja: suala la maji lipo kwenye mchakato.

Watu wengi wakisikia neno hilo walitikisa kichwa wakarudi nyumbani. Bi Sikudhani hakuwa mtu wa kutikisa kichwa.

Huyu alikuwa mama wa makamo, mjane, mkazi wa mtaa wa Mabombani, ulioitwa hivyo enzi za mabomba. Wazazi wake walimwita Sikudhani, lakini kazi yake yote duniani ilikuwa kudhani. Alikwenda buchani na jiwe lake mwenyewe la kupimia. Mganga akimwambia ana malaria, aliuliza mganga amejuaje. Hata mumewe alipofariki, Mungu amrehemu, watu walimkuta ameweka kioo puani kwa marehemu, kisha akakifuta, akakiweka tena.

"Mwanangu," alizoea kumwambia bintiye, "ukiambiwa kuna nyama, uliza ya nini. Ukiambiwa kuna amani, uliza ya nani."

Bintiye huyo aliitwa Riziki. Alikuwa mja mzito, mimba ya kwanza, tumbo limeshuka na miguu imevimba. Mumewe alikuwa amekwenda mbali kutafuta kazi, akapotelea huko, kimya. Kwa hiyo mzigo wote ulikuwa wa mama mtu, na Bi Sikudhani aliubeba bila kulalamika mpaka siku ile alipompeleka Riziki zahanati kupimwa.

Muuguzi wa zahanati, Sista Namkunda, alimpima vizuri, akamwambia ajiandae kwa kanga na wembe mpya. Kisha akamvuta mama pembeni.

"Mama, mimi sina roho mbaya. Lakini siwezi kumzalisha mtu kwa mikono michafu nikamwua mwenyewe. Kila mzazi aje na ndoo mbili za maji safi. Bila maji simpokei."

"Na asiye nazo?"

Sista akaangalia sakafu. "Juzi alikuja mmoja hana."

Hakuendelea, na kwa mara ya kwanza maishani Bi Sikudhani hakuuliza. Alirudi nyumbani nyuma ya mwanawe, akiitazama ile miguu iliyovimba. Ndoo mbili. Mtaa mzima haukuwa na maji ya kujaza sufuria.

Kesho yake akaenda kwa mtendaji wa kata, Bwana Kilasara, kijana mwenye koti kubwa kuliko mabega yake. Alimkuta anatafuna karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu anakaribia kujifungua. Nataka ndoo mbili za maji."

"Mama yangu, Serikali yako inakujali. Suala hilo lipo kwenye mchakato." Akarusha karanga nyingine kinywani. "Mchakato 'kikamilika, maji yatatoka."

Sasa, Bwana Kilasara alikusudia kusema "ukikamilika", kama alivyofundishwa kwenye semina elekezi. Lakini karanga ina ujeuri wake. Katika masikio ya Bi Sikudhani, yaliyozoea kusikia hata yasiyosemwa, neno lile lilitoka "akikamilika". Mama akasogeza kiti. Kwa muda mrefu alikuwa amehisi kwamba nyuma ya shida hii yote kuna mtu, na leo mtu huyo ametajwa.

"Kumbe!" akasema. "Na huyo Mchakato anakaa wapi?"

Bwana Kilasara akataka kucheka. Kicheko kikafika kooni, kikakwama. Maana jana jioni umeme ulikatika wakati redio inasoma teuzi, na yeye hakusikia majina. Itakuwaje kama kweli kuna Mchakato? Katika nchi ile mtumishi alisamehewa uvivu, alisamehewa hata wizi ukiwa wa kiasi, lakini kutomjua mkubwa wako hakukuwa na msamaha.

Akafunga kifungo cha koti. "Yuko wilayani, mama."

Bi Sikudhani akaenda wilayani. Pale mapokezi palikuwa na katibu muhtasi mwenye kucha ndefu, naye hakuwahi kukiri kwamba kuna mkubwa ambaye yeye haijui ratiba yake.

"Mheshimiwa Mchakato?" Akatazama juu darini kidogo. "Ametoka kidogo."

"Kaenda wapi?"

"Yuko kwenye kikao."

Mkuu wa wilaya alikuwa anapita kwenda chooni, akasikia jina asilolijua likitamkwa kwa heshima ndani ya jengo lake. Hakwenda chooni tena. Aligeuza, akajifungia, akampigia simu mkuu wa mkoa na kumwuliza, kwa kuzungukazunguka, kama Mheshimiwa Mchakato ameridhika na mapokezi ya wilaya. Mkuu wa mkoa, ambaye naye hakutaka kuonekana amelala, akajibu kwamba Mheshimiwa ameridhika kwa kiasi, ila hajafurahishwa na suala la makazi.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wiki haikwisha, ile nyumba nyeupe ya serikali iliyokuwa tupu kilimani ikapakwa rangi. Ikapelekewa makochi, bendera, mlinzi mwenye bunduki, na maua yaliyotaka kumwagiliwa kutwa. Na kwa kuwa mheshimiwa hawezi kuoga kwa upepo, boza la maji likapangiwa kupanda kilimani kila asubuhi kujaza tangi. Wahenga hao hao walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini wao hawakuwahi kuishi nchi ile.

Mtaani habari zilishuka haraka kuliko boza lilivyopanda. Watu waliona maji yakitiririka kutoka kwenye bustani ya kilimani na kupotelea mchangani kabla hayajafika kwao. Kinyozi akasema Mchakato ana tumbo la mashua. Mwuza mkaa akasema ana wake watatu, na mdogo anaoga maziwa. Kijana mmoja wa stendi akaapa kwa jina la mama yake kwamba alipishana naye uso kwa uso, ni mtu mfupi, ana mwanya. Hasira iliyokuwa imetawanyika nchi nzima bila pa kukaa ikapata kiti. Watu waliokuwa wakimshuku Mungu, hali ya hewa na mabeberu, sasa wote wakamshuku mtu mmoja mwenye mwanya.

"Ndiye anayekunywa maji yetu!" walisema, na kweli kabisa walijisikia nafuu kusema.

Bi Sikudhani naye alikuwa na hasira, lakini hasira yake haikumzuia kushangaa. Mtu gani huyu, kila akitafutwa ametoka kidogo? Mwenye macho haambiwi tazama. Akachukua ndoo zake mbili, akapanda kilimani.

Mlinzi, mzee mwenye ndevu nyeupe aitwaye Ndimbo, alikuwa ameketi kivulini mwa tangi. Tangi lilikuwa limejaa mpaka linatokwa machozi.

"Habari za hapa, kaka."

"Nzuri, dada yangu. Una shida gani?"

"Mwenyeji yupo?"

"Mheshimiwa amepumzika."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoletwa hapa."

Bi Sikudhani akatupa jicho mlangoni. Hapakuwa na kandambili hata moja. Akatazama kamba ya kuanikia nguo, ikawa tupu, haina hata soksi. Makochi yaliyoonekana dirishani bado yalikuwa na nailoni zake. Jikoni hapakutoka moshi wala harufu ya kitunguu.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Dada, mimi niliajiriwa kulinda. Kuona ni kitengo kingine."

Mama akasimama pale, jua likimchoma utosini, na pole pole akaelewa. Nyumba isiyo na kandambili mlangoni haina mtu. Akakumbuka karanga za mtendaji. Akakumbuka swali lake mwenyewe. Alipotazama lile boza likimwaga maji kwa ajili ya mtu aliyetoka kinywani mwa kijana mwenye koti, alitaka kucheka na alitaka kupiga mtu. Vyote viwili havikumpa maji. Akakumbuka miguu ya Riziki.

"Nifungulie," akasema. "Mimi ni mama yake."

Mzee Ndimbo akaruka wima. "Mama yake nani?"

"Mama yake Mchakato."

Na wala hakusema uongo. Alimzaa mwenyewe, ofisini kwa mtendaji, tena bila ndoo hata moja.

"Kumbe ndiye wewe mama mzaa chema!" Mlinzi akavua kofia. "Shikamoo, mama! Nisamehe, nilikuita dada."

"Marahaba. Hujakosea, wengi hawanijui. Mwache apumzike, nisimwamshe. Nachota tu."

Kuanzia siku hiyo Bi Sikudhani alikuwa na ndoo mbili za maji safi chini ya kitanda, zimefunikwa kwa sinia na juu ya kila sinia jiwe. Zile hakuziruhusu kuguswa. Lakini hakuwa mchoyo. Kesho yake kilimani alipanda shangazi wa Mchakato, mama muuza vitumbua wa mtaani hapo. Keshokutwa yake wakaja mama mdogo, na wifi, na bibi mzaa mama, hata Sista Namkunda akaja na dumu la zahanati akajitambulisha kuwa dada yake wa kunyonya naye ziwa moja. Mzee Ndimbo aliwapokea wote kwa heshima, akasema hajapata kuona mkubwa anayejali ukoo wake kama huyu. Mtaa wa Mabombani ukaanza kupika tena. Watoto wakanawa nyuso, wakafanana na walivyokuwa zamani.

Nje ya mtaa ule, hata hivyo, nchi ilikuwa inachemka. Watu hawana jamaa kila mahali. Maelfu wakajaa barabarani wakipiga ndoo tupu na kuimba, "Mchakato aondoke! Mchakato aondoke!" Askari walitaka kuwatawanya kwa maji ya kuwasha, lakini magari yao yalikuwa makavu. Ndipo Mlezi Mkuu wa Taifa, kiongozi wa viongozi, akaona aje mwenyewe kuzungumza na wananchi wake uwanjani.

Mabombani walikwenda wote. Bi Sikudhani hakutaka kwenda, Riziki alikuwa analalamika kiuno tangu alfajiri. Lakini Riziki mwenyewe alimsukuma.

"Nenda, mama. Huyo mtu wako akifukuzwa nataka kusikia."

"Si mtu wangu. Wala si mtu."

"Mama na dhana zako!"

Mlezi Mkuu alisimama jukwaani. Kando yake kulikuwa na bilauri ya maji yenye kifuniko cha kitambaa cheupe, na macho ya uwanja mzima yaliitazama bilauri kwanza.

"Ndugu wananchi! Kiu yenu ni kiu yangu. Mimi mwenyewe leo asubuhi, kabla ya chai, nilisikia kiu." Uwanja ukanyamaza kwa huruma. "Nikawauliza wasaidizi wangu: nani amewafikisha wananchi wangu hapa? Wakaniambia, Mtukufu, ni Mchakato. Nikauliza: nani alimteua? Hakuna aliyejibu. Nikasema: basi aliyeteuliwa na hakuna mtu, atatenguliwa na mimi!" Akainua bilauri, akanywa funda, akaiweka. "Kuanzia dakika hii, uteuzi wa Mchakato nimeutengua!"

Sijui kama umewahi kusikia watu elfu nyingi wenye koo kavu wakishangilia kwa pamoja. Wanaume walilia. Wazee walikumbatiana na askari. Shangazi zake Mchakato, wale wale waliochota kwake asubuhi ile, walipiga vigelegele kuliko wote. Bi Sikudhani aliwashika mmoja mmoja mkono.

"Jamani, kesho tutachota wapi?"

"Kesho maji yatatoka bombani! Si ameondolewa?"

"Kulikuwa na nani wa kuondolewa? Nyinyi mlipanda kule. Mliona kandambili?"

"Sikudhani naye! Hata sikukuu ya watu lazima aishuku."

Akatoka mbio. Akiwa njiani alipishana na boza linashuka kutoka kilimani, halijamwaga kitu, dereva amegeuza kwa simu moja, na tangi lenyewe ukoo ulikuwa umelikausha asubuhi. Mzee Ndimbo alikuwa anateremka nalo, amekalia kochi lenye nailoni, uso umemshuka. "Pole, mama," akampungia, "wamemfukuza mwanao!" Huko Mabombani watu waliotangulia kurudi walikuwa wanacheza miguu peku kwenye matope. Matope! Walikuwa wamemwaga maji yao ya akiba, dumu kwa dumu, wakirushiana kama harusini, kwa sababu kesho bomba litatoka.

Alimkuta Riziki amepiga magoti kando ya kitanda, ameuma kanga, jasho linamtoka. Chini ya kitanda palikuwa na ndoo moja. Sinia la pili lilikuwa limeegemezwa ukutani, na jiwe lake juu ya meza.

"Ya pili iko wapi?"

"Jirani, Mama Tunu, aliomba," Riziki akasema kwa shida. "Ya kushangilia. Nilijua kesho... mama, nilijua maji yatatoka kesho."

Bi Sikudhani akainama, akaivuta ile iliyobaki. Aliinua ndoo moja kichwani, akamkamata mwanawe kiunoni, wakaenda.

Sista Namkunda alitazama ile ndoo, akatazama tumbo, akafungua mlango. Jua lilipokuwa linatua mtoto alilia, wa kike, mzima, Alhamdulillahi. Maji yalitosha mikono ya Sista, na wembe, na kitambaa kibichi cha kumfuta mtoto macho na kinywa. Kwa mama hayakutosha. Riziki alilala katika damu yake iliyokauka, anamnyonyesha mwanawe, anarudia kusema, "Nisamehe, mama," na mama alimpangusa kwa upindo wa kanga kavu na kulia waziwazi, kwa hasira.

Nje ya mlango walikuwa wamekaa wanawake wawili wenye matumbo makubwa na ndoo tupu. Walikuwa wametoka uwanjani moja kwa moja, sauti zimewakauka kwa vigelegele. Sista alisimama mlangoni akiwatazama, akashindwa kufungua na akashindwa kufunga.

Redio ya zahanati ilikuwa inasoma habari. Ilisema wananchi wamepokea utenguzi kwa furaha. Ilisema suala la kumpata mrithi wa Mchakato lipo kwenye mchakato. Na mwisho ikasema kwamba, kuhusu maji, wananchi wasiwe na wasiwasi, kwani Serikali ina mkakati kabambe.

Bi Sikudhani akaacha kulia. Akainua kichwa, kama alivyozoea kufanya kwa muuza nyama.

Asubuhi na mapema alikuwa ofisini kwa mtendaji wa kata, ndoo mbili mkononi, na wale wajawazito wawili nyuma yake. Bwana Kilasara alikuwa na furaha na mfuko mpya wa karanga.

"Shikamoo mama! Umesikia? Yule Mchakato nilimshuku tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nataka tu kusema."

"Marahaba, baba. Mungu ni mkubwa." Akaketi, akajipangusa uso, akapunguza sauti kama mtu anayeogopa kukosa adabu. "Nimekuja kuuliza tu. Huyu aliyetangazwa jana, huyu Mheshimiwa Mkakati."

"Mkakati?"

"Mkakati Kabambe. Hukusikiliza redio?"

Karanga ikasimama njiani. Bwana Kilasara aliwatazama wale wanawake wawili mlangoni, nao walimtazama bila kupepesa. Mkono wake ukatambaa wenyewe mpaka kwenye kifungo cha koti.

"Nilisikiliza, mama. Nilisikiliza vizuri. Yuko... yuko wilayani."

"Basi wapigie simu. Waambie nyumba ya kilimani ina vumbi, na tangi ni kavu, na yeye anahamia leo." Bi Sikudhani akasimama, akachukua ndoo zake. "Na kandambili. Safari hii wamwekee kandambili mlangoni."

"Nitawaambia, mama. Na wakiuliza niseme ametuma nani?"

"Waambie mama yake," alisema, "na wake zake wawili hawa, hawawezi kungoja."